Anayekatishwa Pombe Ghafla: Mhadhara kwa Familia, Temeke

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za mchana.

Najua wengi wenu mmekuja hapa na mtu moyoni: mume, kaka, mtoto, pengine mama. Habari ya dhambi nawaachia mashekhe na wachungaji wetu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na nimekuja na jambo moja linaloniuma sana: watu wanaompenda mgonjwa wao wanamfungia ndani, wanamkatia pombe siku moja, na wanamzika wiki hiyo hiyo.

Tutenganishe kwanza. Kuna anayekunywa vibaya. Mshahara ukitoka anaishia baa, anagombana, ada ya mtoto inaondoka, lakini katikati ya mwezi anakaa siku kadhaa bila pombe na mwili haumdai. Huyo ana tatizo, na asidanganywe kwamba hana. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, lenye alama 40. Ukifikisha 8, unywaji wako unahitaji kuangaliwa. Ila mhesabu vizuri. Dodoso lile linahesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi, na bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Anayesema “nakunywa mbili tu” amekunywa vinne. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, asilimia 35, kina gramu kama 55. Gongo sina hesabu yake, maana hata aliyeipika hajui ukali wake. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya plastiki vya pombe kali Machi 1, 2017, niliunga mkono na bado naunga mkono, lakini aliyekuwa ameshazoea alibaki na kiu yake, akahamia kwenye kitu kingine.

Huyo aliyezoea ndiye wa pili, na ndiye niliyemfuata hapa. Mtazameni asubuhi anapokunywa chai. Atashika kikombe kwa mikono miwili, kisha atainama akifuate kikombe pale pale mezani, maana akikinyanyua chai inamwagika. Jasho linamtoka na feni inazunguka. Nimehudumia fundi cherehani, kazi yake safi, asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka azimue. Majirani wanasema hana haya, saa moja asubuhi yuko kilabuni. Wakati huo hafuati raha. Anataka mikono itulie ili afanye kazi.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo una kemikali ya kutuliza, GABA, na ya kuchangamsha, glutameti. Pombe inaisaidia ile ya kutuliza na kuizuia ile ya kuchangamsha. Ukinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo unajirekebisha: unaongeza uchangamfu ili uweze kufanya kazi ndani ya pombe. Ni kama dereva anayeendesha huku breki imekanyagwa, naye anazidisha mafuta ili gari lisogee. Sasa mwachishe breki ghafla.

Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, kutapika, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa. Halafu siku ya pili hadi ya nne, baadhi yao wanachanganyikiwa kabisa. Anaona wadudu ukutani, anawasukuma kitandani, anaongea na mtu ambaye hayupo, homa inapanda. Hapo ndipo familia inasema amerogwa, ama majini yamempanda, na gari la kwenda hospitali linageuzwa kwa mganga. Ndugu zangu, sala haikatazwi. Msomeeni, mwombeeni, mkiwa ndani ya gari la hospitali. Hali hii inaua, na inatibika.

Wodini tunampa dawa za kutuliza ubongo, mara nyingi diazepam, kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku. Msiinunue dukani mkakisia, hasa akiwa bado anakunywa, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuzima pumzi. Tunampa pia vitamini B1. Wanywaji wengi hawali vizuri, na upungufu wa vitamini hii unaharibu ubongo: macho yanacheza, anayumba, kumbukumbu inapotea. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza ugonjwa huo mwaka 1881. Ndiyo maana sipendi kuona glukosi inakorogwa nyumbani na kuaminiwa kuwa ndiyo tiba. Kwa mwili usio na vitamini hiyo, sukari nyingi inaweza kuzidisha madhara.

Mpaka mfike kwa daktari, msimkatie yote. Najua inauma kumwachia mtu kinywaji ulichokichukia miaka yote.

Kuhusu soba house, zile nyumba za kukaa wanaoacha ulevi: ulizeni nani anakaa na mgonjwa usiku siku nne za mwanzo, na kama ana taaluma ya afya. Wakishindwa kujibu, anzieni hospitali, Temeke, Amana, Mwananyamala au Muhimbili, huko soba aende baadaye. Na mama aliyeniuliza mlangoni kuhusu kidonge cha kutia kwenye chakula kwa siri: usifanye hivyo, mama yangu. Kidonge hicho, disulfiram, humfanya mtu augue akinywa pombe, na ni cha mtu aliyekubali mwenyewe na aliyepimwa. Akinywa pombe juu yake bila kujua, presha inaweza kushuka vibaya sana.

Mkifika mapokezi, mambo matatu daktari ayasikie mapema: anakunywa nini na kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho amekunywa saa ngapi, na kama amewahi kuanguka degedege alipoacha. Aende naye mtu anayeyajua, hata kama ni mwenye kilabu.