Wazazi wa Viungo wa Soka, Msinitumie Tena Video za Vijana Wenu

Hamjambo watu wangu. Leo hakuna mandhari, niko ndani ya gari nje ya kiwanda cha samaki hapa Grimsby. Zamu yaanza saa nne usiku, kwa hivyo nitasema haraka.

Kila nikiweka video, swali ni lile lile: "Wewe si uko Uingereza? Kijana wangu ni kiungo hatari, mtafutie timu. Mbona Clarke Oduor, yule mwanasoka Mkenya, alipata?" Juzi hata mjomba ameniuliza. Nikijibu, naambiwa naringa. Nikinyamaza, nimesahau nyumbani.

Oduor alizaliwa Siaya, ndiyo, lakini alikuja huku angali mtoto, akalelewa na akademia ya Leeds United. Hakutumiwa tikiti kwa sababu ya video ya WhatsApp. Kijana wako anahitaji kibali cha kucheza huku, na kibali ni hesabu ya pointi. Kuchezea timu ya taifa kunaleta pointi ikiwa nchi yako iko kwenye 50 bora za FIFA. Harambee Stars, timu yetu ya Kenya, mnajua wako mbali na hapo. Kuna nafasi chache za vipaji ambao pointi hazijatimia, lakini klabu za daraja la tatu na la nne zinapewa mbili tu. Hizo mbili, wanachagua kutoka dunia nzima.

Na hata ukishaingia! Julai 2020 Oduor alifunga dakika za nyongeza pale Brentford, klabu yake Barnsley ikaponea kushuka daraja. Uwanja mtupu, corona. Baada ya hapo akapelekwa kwa mkopo Hartlepool, kisha akasajiliwa Bradford City, kisha Bradford wakamkopesha hapa Grimsby. (Uwanja wenyewe uko Cleethorpes, msiniulize kwa nini.)

Agosti 2025 Grimsby wakamtoa Manchester United kwenye Kombe la Carabao kwa penalti 12-11. Kelele niliisikia nikiwa nafunga masanduku. Oduor aliingia kipindi cha pili, penalti yake ikapanguliwa, sawa, hutokea. Baadaye ikajulikana fomu zake za usajili zilitakiwa kufika kabla ya saa sita mchana siku iliyotangulia, na zilifika saa sita na dakika moja, kwa hivyo hakuwa na ruhusa ya kucheza. Kompyuta ilisumbua, klabu ikajiripoti yenyewe. Faini pauni 20,000, nusu yake ikaahirishwa. Jina lililozunguka kwenye magazeti ni la nani? Si la kompyuta.

Mimi hiyo dakika moja naielewa. Nilikuja kwa viza ya mke. Wakati wa kuiongeza nilihitaji barua moja tu kutoka kwa mwajiri niliyekuwa naye. Wiki tatu naambiwa "kesho". Nilituma maombi usiku wa mwisho, saa tano na nusu, mikono ikitetemeka, na ada ya afya pekee ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, unalipa zote kwa mkupuo. Silalamiki. Au nalalamika, basi, hiyo ni haki yangu.

Sikatazi mtu. Labda wa kwenu atapita, kila mtu na nyota yake. Ila yule "ajenti" anayewaomba laki mbili za majaribio, mjomba, kabla hujauza ng'ombe, nitumie kwanza hiyo barua aliyokupa. Niipigie simu klabu yenyewe, kwa Kiingereza changu hiki cha kiwandani.

Kengele imelia. Naenda.