Ndugu, Lori na Wakili wa Dodoma

SALIMU: Assalaam alaykum wasikilizaji. Ni Salimu na Zuhura, hapahapa Tanga. Leo tuna mambo matano ya kumuuliza wakili kabla hujafungua kampuni. Ila kwanza mwenzangu katoka Dodoma juzi. Za safari?

ZUHURA: Alhamdulillahi. Segera, Chalinze, Morogoro, kiuno chaniuma mpaka leo. Tulikwenda ndugu wanne kwa wakili wa mambo ya biashara. Kaka mkubwa kazi yake iko huko na ruhusa hakupata, ikabidi tumfuate.

SALIMU: Habari ya malori ya marehemu mzee.

ZUHURA: Hayohayo, ya machungwa ya Muheza. Tukaingia ofisini, ghorofa ya tatu. Kabati limejaa mafaili yamesimama wima, kila moja mgongoni lina jina la kampuni. Wakili, binti tu wa makamo yangu, kakaa, hata chai haijaja, akatuuliza: "Mimi hapa ni wakili wa nani?"

SALIMU: Yakhe!

ZUHURA: Tukatazamana. Kaka akajibu, wetu sote. Yule dada akasema sawa, maadam mnapatana. Lakini siku mkikosana sitamsimamia mmoja dhidi ya mwenzake, kwa sababu siri zenu wote ninazo. Kila mtu ana haki ya kumpelekea wakili wake hizi karatasi azisome kabla hajatia saini. Nilimpenda palepale.

SALIMU: Na kampuni mmeipa jina gani?

ZUHURA: Hapo ndipo ilipokwisha asubuhi nzima! Usajili wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, siku hizi ni wa mtandaoni, unaweza kuufanyia hata Ngamiani. Ukitia jina ambalo mwenzio keshalisajili, halipiti. Kaka akataka jina la baba. Tukampigia mama. Mama akasema, jina la marehemu msilitie kwenye gari. Lori likianguka watu watasema fulani kapinduka Wami.

SALIMU: Mama kasema kweli kabisa! Basi iteni Waja Leo Limited.

ZUHURA: Salimu, mteja akupe mzigo wake, na kila mtu anajua kinachofuata ni "waondoka leo"?

SALIMU: Si ndiyo vizuri? Mzigo unaondoka leo!

ZUHURA: Mdogo wetu yeye alitaka Chungwa Tamu. Kaka akauliza, tukianza kubeba mbao je?

SALIMU: Mbao Tamu.

ZUHURA: Nisikilize basi. Ninalotaka watu walijue ni hili. Lori likigonga nyumba ya mtu na gari ni lako mwenyewe, wanaweza kukufuata mpaka kwenye nyumba yako ya Chumbageni. Likiwa la kampuni, kampuni ndiyo mwenye deni, na wewe kwa kawaida unapoteza hisa zako tu. Ila benki ikikutaka udhamini mkopo kwa jina lako, hiyo ngao umeivua mwenyewe.

SALIMU: Hapo hatupingani.

ZUHURA: Halafu kuna karatasi mbili. Katiba ya kampuni inakwenda kwa msajili, mtu wa nje anaweza kuiomba akaisoma. Mkataba wa wanahisa unabaki baina yenu. Humo mnaandika nani atia saini benki, na anayetaka kuuza hisa zake aanze na ndugu zake kabla hajaenda kwa mtu wa nje.

SALIMU: Hiyo ya pili ndiyo siitaki. Ndugu wa tumbo moja mnaandikiana? Wajomba zangu walikuwa na jahazi la shirika pale Kwale, hawakuwa na hata karatasi. Waligawana mpaka umri ukawatoa baharini. Ukishaleta mkataba, kila mtu anaanza kuhesabu.

ZUHURA: Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni. Baqara, 282.

SALIMU: Na 283 inasema mkiaminiana, aliyeaminiwa arudishe amana.

ZUHURA: Inaanzaje hiyo 283? Mkiwa safarini na hamkupata mwandishi! Sisi mwandishi tulikuwa naye mezani, na kompyuta yake.

SALIMU: Amana ni amana, safarini na nyumbani.

ZUHURA: Kaka akifa, hisa zake zinarithiwa. Wifi ana thumuni yake, yaani moja ya nane, watoto wana zao. Nao wapo kwenye kampuni. Waliaminiana na nani wao?

SALIMU: Kuna wazee, kuna sheikh, mtakaa.

ZUHURA: Wajane wangapi wamekaa na wazee wakatoka mikono mitupu? Nasema kwa uchungu, Salimu, nimewaona. Mjane hana ushahidi hata wa tairi moja.

SALIMU: Nami nimeona ndugu wasiozikana kwa sababu ya karatasi. Umesaini lakini?

ZUHURA: Nimesaini chini ya kila ukurasa. Kaka kasaini. Mdogo wetu kaichukua kuisoma.

SALIMU: Huyo mdogo namuunga mkono. Asisaini.

ZUHURA: Asome, aende kwa wakili wake, kisha asaini. Mimi sirudi nyuma.

SALIMU: Wala mimi. Raskazone Limited je, mlijaribu?

ZUHURA: Salimu! Watoto wa kaswida wako mlangoni na dufu zao, studio ni yao sasa. Yale mambo matano hatuyawezi tena.

SALIMU: Nitaje moja tu. Muulize wakili ada yake inahusu kazi gani, na ipi haimo, tena akuandikie.

ZUHURA: Akuandikie! Wasikilizaji mmemsikia?

SALIMU: Wakili si ndugu yangu. Manne yaliyobaki wiki ijayo, inshallah.