Lisomeni faili lenu kabla afisa hajawasomea

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na ndugu zangu nyote mliofika, nimeombwa nizungumzie maandalizi ya mahojiano ya ombi la mwenza kwa ajili ya ukaazi wa Marekani, na kabla hata sijaketi watu wamenifuata kuniuliza kama nimekuja na ile orodha ya maswali. Sikuja nayo. Orodha hizo mnazo tayari kwenye simu zenu: rangi ya mapazia, upande wa kitanda anaolalia mume, nani hutangulia kuamka asubuhi. Nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi na leo nalisema tena, kwamba mtu anayekariri majibu anajiandaa kwa mtihani ambao haupo, na anauacha ule uliopo ukimsubiri juu ya meza ya afisa.

Kilichopo juu ya meza ile ni faili. Hatua za kujaza fomu mnazijua, sitazirudia, lakini nataka mfahamu faili limebeba nini. Lina Fomu I-130, yaani ombi lenyewe aliloliwasilisha mume au mke aliye Marekani, lina I-130A yenye anwani na kazi za mwenza wake, na linaweza kuwa na kila kauli ambayo mmoja wenu aliwahi kuitoa kwa serikali ya Marekani hapo nyuma, iwe ni katika ombi la viza ya matembezi, ombi la viza ya masomo, bahati nasibu ya viza, au maelezo ya familia aliyoyatoa kambini alipoandikishwa kuwa mkimbizi. Wewe umesahau kwamba miaka tisa iliyopita uliandika kuwa hujaoa. Karatasi haijasahau. Afisa amelisoma faili hilo asubuhi ile ile, na wewe mara ya mwisho kulisoma ni siku ulipolitia sahihi, kama ulilisoma.

Tuweke sawa pia swali lenyewe ambalo afisa analitafutia jibu. Hapimi kiasi cha mapenzi yenu wala hatoi alama za unyumba. Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, katika shauri la McKee la mwaka 1980, ilieleza kwamba linalotazamwa ni kama wawili hawa, siku walipooana, walikusudia kuanzisha maisha pamoja. Jukumu la kuthibitisha hilo ni lenu, si la serikali, na kipimo chake ni kwamba ukweli wa madai yenu uonekane na uzito kuliko kutokuwa kweli kwake. Hicho si kipimo cha kutisha, na wanandoa wa kweli wanakifikia kila siku. Wanachokishindwa wengi ni kuuacha ukweli wao ubaki ulivyo.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, nanyi mnisamehe nikirefusha. Kuna ndoa moja ninayoifahamu vizuri, ya watu waliopendana na ambao sitawataja. Mume alikuwa raia wa Marekani mwenye asili ya pwani, akasafiri kwenda kuoa kwao. Nikaha ilifungwa kama wazee wetu wanavyoifunga: mume alikaa msikitini mbele ya walii wa bibi harusi na mashahidi, ijabu na kabuli, yaani kuozesha na kukubali, vikapita, na bibi harusi mwenyewe alikuwa nyumbani kwao akiwa na wanawake wenzake. Baada ya hapo mume akapelekwa kwa mkewe, akampa mkono, wakaishi pamoja siku zote za likizo yake, kisha akarudi Marekani na kuwasilisha ombi. Ombi likakubaliwa. Mke akaitwa kwenye mahojiano ya viza, na huko, kama inavyokuwa kwa kawaida, alikwenda peke yake.

Kabla ya siku yenyewe ndugu mmoja aliyejiona mjuzi alimwambia kwamba Wamarekani hawaelewi ndoa ya namna ile, kwamba akisema hakuwepo msikitini wataona hakuolewa, na kwamba lililo salama ni kusema alikuwepo, amekaa karibu na mumewe. Akalikariri jibu hilo, na mume kwenye simu akalikubali. Afisa akamuuliza ndoa ilifungwa wapi na nani walikuwepo, naye akajibu alivyofundishwa. Kisha afisa akafungua picha walizoziweka wenyewe kwenye faili, akamwonyesha msikiti uliojaa wanaume waliovaa kanzu, na akamwomba amwonyeshe yeye ameketi wapi.

Viza haikutoka siku ile. Alipewa karatasi ya kifungu cha 221(g), inayosema kwamba ombi la viza haliwezi kukubaliwa kwa hali lilivyo, na wawili wale wakakaa mbalimbali kwa muda mrefu sana wakihangaika kueleza kwa maandishi jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi moja. Nasema sentensi moja kwa sababu sheria yenyewe ya uhamiaji inalizungumzia suala hili waziwazi. Inasema mtu hahesabiwi kuwa mke au mume kwa ndoa iliyofungwa bila wahusika kuwa mbele ya kila mmoja, isipokuwa kama wamekutana kimwili baada ya ndoa hiyo kufungwa. Ndoa ya wale wawili ilikuwa imetimiza sharti hilo siku ile ile ya nikaha! Mihuri kwenye pasipoti ya mume ilionyesha siku alizokuwa kule, picha za siku zilizofuata zilikuwepo, ndugu wa kutoa kiapo walikuwepo. Ukweli wao ulikuwa halali na ulikuwa na ushahidi, na waliuficha wakauweka uongo ambao ushahidi wao wenyewe uliukanusha.

Mbaya zaidi, uongo wa makusudi juu ya jambo lenye uzito katika ombi unaweza kumfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote. Msamaha upo, lakini anayeuomba sharti athibitishe dhiki ya kupindukia itakayompata mwenza au mzazi wake ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu. Na ombi likishahukumiwa kuwa la ndoa ya hila, hakuna ombi jingine litakalokubaliwa kwa mtu huyo baadaye, hata akija kuoa au kuolewa kwa kweli, na kwa hilo msamaha haupo. Kwa anayefunga ndoa kwa kujua kwamba lengo lake ni kukwepa sheria za uhamiaji kuna pia kifungo kisichozidi miaka 5, faini isiyozidi dola 250,000, au vyote viwili. Mke yule hakuwa mlaghai, lakini alikaribia kujivisha sura ya mlaghai kwa ushauri wa mtu aliyemtakia mema.

Najua wapo wanaosema moyoni kwamba jirani yao alikariri majibu na akapita. Amepita kwa sababu faili lake lilikuwa safi, na angepita bila kukariri. Wapo pia wanaosema kwamba mambo ya ndani ya nyumba hayasemwi mbele ya watu. Nakubaliana nao katika maisha, lakini hapa tumekula kiapo cha kusema kweli, na afisa akiuliza mnaishi vipi hajawavunjia heshima. Mkilelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, inamisheni, hakuna sheria inayolikataza hilo. Lakini msinyamaze mkidhani ukimya ni adabu, kwa sababu kwenye rekodi ya mahojiano ukimya huandikwa kuwa ni kushindwa kujibu.

Basi maandalizi yenyewe ni haya. Kaeni wawili, au kwenye simu ya video kama mmoja yuko mbali, mkiwa na nakala ya kila mlichokituma, na msome ukurasa mmoja baada ya mwingine kwa sauti. Mkifika kwenye tarehe ya ndoa, simameni. Wengi wetu tuna tarehe tatu: ya nikaha au ya kimila, ya kuandikishwa serikalini, na ya sherehe ukumbini. Mume anajibu moja, mke anajibu nyingine, na wote wawili wamesema kweli. Kubalianeni ni tarehe ipi iliyoandikwa kwenye cheti na kwenye fomu, na muwe tayari kuzieleza zilizobaki. Mkifika kwenye ndoa za nyuma, hakikisheni kila moja ina hati ya talaka au cheti cha kifo, na kwamba tarehe yake inatangulia ndoa hii. Mkifika kwenye watoto, watajwe wote, na wale waliozaliwa nje ya ndoa, na wale ambao mume hajamwambia mke. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu chumba cha mahojiano si mahali pa mke kusikia kwa mara ya kwanza kwamba mumewe ana mtoto mwingine.

Mkikuta kosa, lisahihisheni. Kosa la tarehe au la anwani husahihishwa kwa kulitamka mwanzoni mwa mahojiano na kutoa karatasi iliyo sahihi. Kosa zito, kama kauli ya zamani inayopingana na ya leo, mpelekeeni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, msimpelekee wakala wa karatasi anayejaza fomu nyuma ya duka. Kama hamna nakala, Sheria ya Uhuru wa Habari inawaruhusu kuomba rekodi zenu kutoka idara ya uraia na uhamiaji, yaani USCIS. Ombeni mapema, kwa maana majibu hayaji kwa wiki moja.

Suala la kuishi mbalimbali linawaogopesha watu kupita kiasi. Dereva wa lori hulala barabarani siku nyingi, na muuguzi wa zamu hukodi chumba karibu na hospitali, kisha wanafika mbele ya afisa wakidai wanalala nyumba moja kila siku. Kwa nini? Katika kesi ya Bark, mwaka 1975, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 ilisema kwamba kutengana kwa wanandoa peke yake hakuthibitishi kuwa ndoa ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Semeni mlivyo, mlete na ratiba ya kazi. Mkitenganishwa na kuhojiwa kila mmoja chumbani kwake, msidhani mmeshahukumiwa. Afisa analinganisha maelezo, na maelezo ya watu wawili wanaosema yale wanayoyajua hayahitaji kufanana neno kwa neno. “Sijui” ni jibu kamili. “Sikumbuki” ni jibu kamili. Kubahatisha ndiko kunakozaa mgongano, na mgongano uliozaliwa na kubahatisha unaonekana sawasawa na ule uliozaliwa na uongo.

Walio na mahojiano ubalozini nawasihi zaidi. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Department of State dhidi ya Muñoz, kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kutaka mwenza wake asiye raia aruhusiwe kuingia nchini. Maana yake kwenu ni kwamba viza ikikataliwa huko, mlango wa mahakamani ni mwembamba mno, kwa hiyo mke au mume anayekwenda peke yake aende akiwa amelisoma faili lote, pamoja na kurasa alizoziandika mwenzake.

Ushahidi mnaujua: mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya pamoja, bima, vyeti vya watoto, viapo vya watu wanaowafahamu. Kila hati isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri kamili na tamko la mfasiri kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba ametafsiri kwa usahihi. Mkalimani awe mtu mzima asiye na maslahi katika shauri, msimpeleke mtoto. Mdhamini, yaani yule aliyewasilisha ombi, awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumbani, na anayepungukiwa atafute mdhamini wa pamoja kabla ya siku, si baada. Haya yanahitaji kikao chake na muda umekwisha.

Jambo moja siwezi kuliacha. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku mwenza anapopata ukaazi, kadi yake ni ya masharti na ya miaka 2, na Fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, huwasilishwa na wawili kwa pamoja ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Wapo waume wanaoitumia hali hii kuwatisha wake zao, na wapo wanaotishia kuliondoa ombi usiku wa kuamkia mahojiano. Aliyepigwa au kuteswa na mwenza wake, mwanamke kwa mwanamume, anaweza kuwasilisha I-751 peke yake. Ambaye hajapata kadi anaweza kujiombea mwenyewe kwa Fomu I-360, chini ya sheria ya mwaka 1994 inayohusu ukatili dhidi ya wanawake, bila idhini ya mwenza huyo na bila mwenza huyo kuarifiwa. Anayehusika na hili asiniulize hapa mbele ya watu. Nitabaki ukumbini baada ya kikao, na wakili mwanamke tuliyekuja naye atabaki pia.