Miguu ya Vifaranga wa Bata: Sakafu, Chakula na Siku za Mwanzo

Rehema: Karibuni, wasikilizaji. Katika maswali ambayo wafugaji hututumia, hakuna linalorudi mara nyingi kama hili: kifaranga wa bata ametotolewa akiwa mzima, anakula na kunywa vizuri, lakini hasimami, au anasimama kisha anaanguka, na jirani amekwisha kumshauri mwenye kifaranga amuue tu. Kaka Bakari, wewe ni mtaalamu wa mifugo. Ukiletewa kifaranga wa namna hiyo, unaanzia wapi?

Bakari: Ahsante, Da Rehema. Kabla sijaugusa mguu huuliza maswali mawili: analala juu ya nini, na anakula nini. Sehemu kubwa ya matatizo ya miguu tunayoyaona hutoka kwenye mambo hayo mawili, na yote mawili yana chanzo kimoja, kwamba tunamlea kifaranga wa bata kwa sakafu na chakula kilichokusudiwa kifaranga wa kuku. Wanafanana kwa manyoya laini na kwa udogo, lakini mahitaji yao hayalingani.

Rehema: Basi tuanze na sakafu. Wengi hutandika magazeti ndani ya bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, kwa kuwa ni rahisi kuyaondoa yakichafuka.

Bakari: Gazeti likilowa huteleza, na bata ni ndege anayemwaga maji kila anapokunywa, kwa hiyo litalowa tu. Kifaranga wa siku 1 au 2 ana viungo ambavyo bado havijakaza. Akikosa pa kukanyaga, miguu humteleza, mmoja huku na mwingine kule, na kadiri anavyojaribu kuinuka ndivyo misuli ya nyonga inavyozidi kuvutika, mpaka anabaki amelala kifudifudi, miguu imetanuka pande zote mbili. Mara nyingine tatizo huanzia kwenye mashine ya kutotolea yenyewe, ikiwa trei yake ni laini, au ikiwa joto na unyevu havikusimamiwa vizuri wakati wa kuatamia. Nikumbushe hapa kwamba mayai ya bata wa Pekin huchukua siku 28, na ya wale bata wenye nyama nyekundu usoni, ambao ndio wengi vijijini kwetu, huchukua siku 35. Anayewachanganya katika mashine moja na kufungua mlango kila mara huharibu unyevu wa kundi lililochelewa.

Rehema: Na kifaranga aliyetanuka miguu anatibika?

Bakari: Anatibika vizuri sana akiwahiwa. Chukua bandeji ya kunata isiyo kali, ukate ukanda mwembamba, uuzungushe kwenye mguu mmoja juu kidogo ya unyayo, uuvushe hadi mguu wa pili, kisha uuzungushe huko pia, ili miguu ikae chini ya mwili kwa upana wake wa kawaida. Kwa kifaranga mdogo, nafasi kati ya miguu huwa kama sentimita 2 hadi 3. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa hufikiri kuwa ukiibana miguu karibu zaidi itapona haraka, kumbe kifaranga aliyefungwa hivyo hawezi kujisawazisha na huanguka kifudifudi. Usikaze pia, kwa sababu mguu wa kifaranga huongezeka unene kila siku. Fungua bandeji kila siku, utazame ngozi, umwache atembee kidogo, kisha uifunge upya. Aliyeanza tiba katika siku mbili tatu za mwanzo kwa kawaida husimama mwenyewe ndani ya siku chache. Ukisubiri juma zima, mifupa na misuli vitakuwa vimezoea upotovu huo, na nafasi ya kupona hupungua sana.

Rehema: Niongeze tahadhari moja. Kifaranga aliyefungwa miguu asiwekewe chombo cha maji kilicho wazi na kirefu, kwani akitumbukia hawezi kujitoa. Kisahani chenye kokoto ndani kinatosha, mradi maji yafike kwenye matundu ya pua, maana bata huhitaji kuyasafisha matundu hayo kila anapokula.

Bakari: Kweli kabisa. Na matandiko yabadilishwe siku hiyo hiyo. Maranda ya mbao yaliyo makubwa kiasi au makapi ya mpunga yanafaa, na kwa siku mbili za kwanza unaweza kutandika kitambaa kikavu chenye mkwaruzo, ili wasile matandiko kabla hawajakijua chakula. Anayefunga bandeji na kuacha gazeti mahali pake atafunga bandeji hadi achoke.

Rehema: Tuje kwenye chakula, ambako nadhani ndiko penye mazito. Mfugaji amenunua chakula cha vifaranga wa kuku chenye mahindi, soya na dagaa, cha kiwanda kinachoaminika. Kina kasoro gani?

Bakari: Kwa kuku hakina kasoro. Kwa bata upungufu wake ni vitamini B3, yaani niasini. Kuku huweza kutengeneza sehemu ya niasini mwilini mwake kutokana na triptofani, ambayo ni mojawapo ya viungo vya protini. Bata hufanya kazi hiyo kwa udhaifu mkubwa, hivyo lazima aipate niasini tayari ndani ya chakula. Jedwali la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani la mwaka 1994, ambalo bado linatumiwa na wengi wanaopanga vyakula vya ndege, linaweka miligramu 55 za niasini kwa kila kilo ya chakula cha bata mchanga, na 65 kwa kifaranga wa bata bukini, wakati kifaranga wa kuku wa mayai amewekewa 27 tu. Ukitazama tarakimu hizo unaona kwa nini chakula kimoja humkuza mmoja na kumpinda mwingine miguu.

Rehema: Lakini mahindi na pumba si vina niasini? Nimewahi kuona majedwali yanayoonyesha kiasi kikubwa tu.

Bakari: Vinayo, ila sehemu kubwa imefungwa ndani ya nafaka kwa namna ambayo tumbo la ndege haliwezi kuifungua. Jambo hilo lilikwisha kuwaua binadamu. Watu waliokula mahindi karibu peke yake, kusini mwa Marekani na kwingineko, waliugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake huko Wisconsin walionyesha kwamba asidi ya nikotini, ambayo ndiyo niasini, huponya mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi unaofanana na pelagra. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakila mahindi kwa karne nyingi bila madhara hayo, kwa sababu waliyachemsha na chokaa, na chokaa huifungua niasini. Sisi hatumchemshii bata mahindi kwa chokaa.

Rehema: Mfugaji ataitambuaje hali hii na kuitofautisha na kuteleza?

Bakari: Aliyeteleza huonekana mapema, siku ya kwanza au ya pili, na miguu yake imekwenda nje. Mwenye upungufu wa niasini hutembea vizuri siku za mwanzo, kisha baadaye, aghalabu katika majuma mawili matatu ya mwanzo, huanza kukaa kitako kuliko wenzake, huenda hatua mbili na kuketi, miguu hupinda kama upinde, na kile kiungo kinachokunjikia nyuma, ambacho wengi hukiita goti, huvimba. Huchelewa pia kukua. Na mara nyingi hawi peke yake, utakuta wanne au watano katika kundi.

Rehema: Na tiba yake?

Bakari: Tiba ni niasini yenyewe. Njia ya haraka ni kuiweka katika maji ya kunywa. Kidonge cha miligramu 100 kikisagwa na kukorogwa katika lita 3 za maji kinatoa kiasi kinachofaa, na maji hayo hubadilishwa kila siku. Nikotinamidi, ambayo ni sura nyingine ya vitamini hiyo, inafaa vilevile, lakini vidonge vinavyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni mwa mtu havifai. Ukinunua pakiti ya vitamini mchanganyiko katika duka la dawa za mifugo, soma lebo, kwa maana nyingine zina niasini kidogo mno kwa bata. Njia ya kudumu ni chakula: chachu kavu ya bia, gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya chakula, pamoja na dagaa waliokauka vizuri. Nasema chachu kavu ya bia, ambayo haifanyi kazi tena ya kuumua. Hamira hai ya mkate ikiingia tumboni huweza kuendelea kuchachuka na kumvimbisha ndege. Endelea hivyo hadi wafike majuma 8 au 10. Wengi hubadilika ndani ya siku chache, na ukiona juma limepita bila nafuu yoyote, fikiria jambo jingine.

Rehema: Jambo jingine kama lipi? Kuna wanaojaribu kukifunga kiungo kilichovimba kwa vijiti.

Bakari: Vijiti hapo mara nyingi humwumiza bure. Nyuma ya kiungo hicho hupita ukano mnene, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, ndani ya mfereji wa mfupa. Upungufu wa virutubisho kama manganizi, kolini, biotini au niasini huuharibu ukuaji wa mfupa huo, mfereji unakuwa wa kina kifupi, na ukano huchomoka pembeni, kwa kawaida upande wa ndani. Kifaranga hulia kwa maumivu, na mguu huzunguka nje bila nguvu. Pitisha kidole nyuma ya kiungo cha mguu mzima, utaugusa ukano; kisha fanya hivyo upande mgonjwa, utakuta mahali pake pametandazika. Kama ni siku hiyo hiyo, nyoosha mguu kidogo kuelekea nyuma ili ukano ulegee, uusukume kwa kidole gumba urudi mahali pake, na ufunge bandeji laini mguu ukiwa katika mkunjo wa kusimama. Nakiri kwamba wengi wao hutoka tena. Aliyekaa hivyo siku kadhaa, mfupa ukiwa umekwisha kujipinda, kwa maoni yangu asiachwe ateseke. Daktari wa mifugo amhitimishe bila maumivu.

Rehema: Vidole vilivyojikunja je?

Bakari: Hivyo ni vyepesi zaidi. Ukimwona kifaranga ametotolewa vidole vimejikunja ndani, kata kipande cha boksi kwa umbo la unyayo ulionyooka, ubandike unyayo juu yake kwa plasta, vidole vikiwa vimetandazwa na utando umefunguka, na umwache na kiatu hicho siku mbili au tatu. Ikiwa wengi wamejikunja hivyo, usijishughulishe na maboksi tu. Uliza chakula cha mama zao, kwa kuwa upungufu wa vitamini B2 kwa bata wanaotaga huingia ndani ya yai. Na tusisahau mifupa laini: kifaranga aliyefungiwa ndani bila jua wala vitamini D, ambaye hata mdomo wake unapinda ukiubonyeza. Wengine huona hivyo wakakimbilia chakula cha kuku wanaotaga ili apate kalisi, na hilo ni kosa, maana chakula hicho huwa na kalisi karibu asilimia 4, ilhali kifaranga huhitaji chini ya asilimia 1, na figo zake huumia.

Rehema: Kabla ya kuogelea, maana najua wasikilizaji wanasubiri hilo, kuna hali ambazo zinaonekana kama ugonjwa wa miguu na sizo?

Bakari: Zipo mbili za kuogopwa. Ya kwanza ni homa ya ini ya virusi vya bata, inayowapata walio chini ya majuma 6. Kifaranga huanguka ubavu, hupiga mateke, kichwa hurudi nyuma, na hufa ndani ya saa moja au zaidi kidogo, kisha mwingine hufuata. Hapo bandeji haina kazi. Tenga kundi na umwite afisa mifugo. Ya pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Bata mchanga ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi zaidi na sumu hiyo, hata katika miaka ya 1960, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yaliyooza, maabara zilimtumia kifaranga wa bata kama kipimo cha kuitambua. Huchechemea, na ngozi ya miguu na nyayo hugeuka zambarau kwa damu inayovujia chini yake. Sisi tuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, kwa kuwa mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Mahindi yaliyoota ukungu ambayo mama wa nyumbani ameyakataa ndiyo mara nyingi hupelekwa kwa bata.

Rehema: Na kuogelea?

Bakari: Ni tiba nzuri kwa aliyetanuka miguu na kwa mwenye udhaifu wa niasini, kwa kuwa maji humbeba na kumwezesha kupiga kasia bila kuubeba uzito wake. Yawe ya uvuguvugu, kina cha kumwezesha kuelea, dakika chache tu, nawe ukiwa pale pale. Aliyetotolewa na mashine hana mama wa kumpaka mafuta kwenye manyoya, kwa hiyo hulowa hadi kwenye ngozi na kupata baridi. Mkaushe kwa kitambaa, umrudishe kwenye bruda yenye nyuzi joto kama 32 kwa juma la kwanza, upunguze nyuzi kama 3 kila juma. Mwenye bandeji, ifungue kwanza, na umfunge tena akikauka.

Rehema: Je, aliyepona tumtenge na wenzake au arudi?

Bakari: Arudi mapema, au awekwe nyuma ya wavu mwembamba awaone na kuwasikia, kwa maana bata aliye peke yake hulia na kuacha kula. Angalia tu wasimkanyage usiku. Na wale waliotibiwa miguu, hata wakikua vizuri, mimi siwachagui kuwa wazazi.