Damu Isemavyo Kuhusu Umakini wa Mtu Mzima

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Asanteni kwa kutoka na baridi hii ya Mbeya.

Mimi ni mtu wa maabara. Kila mara anakuja mtu mzima dirishani, mkono ameshaukunja: "Nipime uone kama nina ADHD," ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kushikilia jambo moja. Ni fundi mwenye kazi tano alizoanza, hakuna iliyokamilika. Au mama wa Mwanjelwa anayesahau chenji ya wateja. Nawajibu lilelile: kipimo hicho cha damu hakipo, hapa wala Ulaya. ADHD hutambuliwa kwa daktari kukaa na wewe, akuulize maisha yako tangu utotoni, maana dalili sharti ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Aliyetulia darasani hadi kidato cha nne, akaanza kusahau akiwa na miaka 35, tumtafutie sababu nyingine kwanza.

Na hapo damu ina la kusema. Ubongo unahitaji madini ya chuma ili utengeneze dopamini, ile kemikali inayotusaidia kushikilia jambo moja. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walipima ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Watoto wenye ADHD, asilimia 84 akiba yao ilikuwa chini. Wenzao wasio nayo, asilimia 18. Walikuwa watoto, tena wachache, kwa hiyo msiubebeshe utafiti ule mzigo wa watu wazima. Ila jueni hili: wingi wa damu unaweza kusoma vizuri huku akiba imekauka. Inaniuma sana mtu anapoambiwa "damu yako iko sawa" kwa kipimo kimoja tu. Na chai yetu ya Tukuyu, naipenda mno, lakini ukiinywa pamoja na maharage inazuia chuma kisifyonzwe. Kula kwanza, chai ije baada ya saa moja. Weka limao kwenye mboga.

Wazee mnakumbuka rovu, ule uvimbe wa shingo. Nyanda hizi zilisumbuliwa sana na upungufu wa madini joto kabla ya chumvi kuwekewa. Tezi ya shingo ikilegea, mtu husinzia, husahau, fikra huwa nzito. Kipimo cha homoni ya tezi humwonyesha, na dawa yake ipo.

Msikimbilie kununua vidonge vya chuma bila kupima. Kikizidi kinaharibu ini. Ferritini nayo hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo jibu lisomwe na daktari.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, dada.