Chujio la barua taka: barua halali isizame Junk

Karibuni ndugu zangu mafundi, mlioko Kampala, Gulu, Arua, hasa ninyi mnaotunza seva ya shule au zahanati peke yenu, bila wa kumuuliza. Leo tunashika SpamAssassin, chujio linaloipa kila barua alama za utaka, kwenye Debian, pamoja na Postfix (inayopokea na kutuma barua), amavis (inayoliendesha chujio) na Dovecot (inayoziweka barua kwenye masanduku ya watu). Nitakaa zaidi kwenye barua halali inayotupwa na taka kwa makosa, maana hiyo ndiyo inayoumiza. Taka ikipenya, mtu anaifuta kwa sekunde moja. Barua ya mzazi ikipotea, mtoto anakosa nafasi na hakuna anayejua kwa nini.

Fungua faili /etc/spamassassin/local.cf, utafute required_score, yaani alama ambazo barua ikizifikia inahesabiwa taka. Kawaida yake ni 5.0. Iache hapo hapo, na kwa kuwa amavis haifuati mstari huu, weka 5.0 hiyo hiyo kwenye $sa_tag2_level_deflt ya mipangilio yake. Wapo watakaokushauri uishushe hadi 3. Usikubali, utakamata watu wako mwenyewe. Tena barua iliyovuka alama hizo isifutwe. Angalia hapa kwenye Sieve, lugha ya Dovecot ya kupanga barua kwenye folda, kanuni moja tu: ikiona X-Spam-Flag: YES, inaipeleka folda ya Junk, ambako mwenyewe anaweza kuiona.

Sasa DNS, mfumo wa kuulizia majina na IP za mtandao, hatua ambayo wengi wanairuka. Kama seva yako inauliza 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, orodha za bure za Spamhaus, zinazotaja IP za watuma taka, hazitakujibu inavyotakiwa. Zinarudisha 127.255.255.254, ambayo ni alama ya kosa. Lakini kama kwenye Postfix umeandika reject_rbl_client zen.spamhaus.org basi, Postfix inadhani hilo ni jibu la "ndiyo, huyu ni mhalifu", na inakataa barua zote. Zote! Sakinisha unbound, programu ya kuulizia DNS, hapo hapo kwenye seva, iulize yenyewe bila kupitia kwa mtu, na mstari wako usomeke zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11].

Twende kwenye kiini. Muhula uliopita, katika shule ya bweni ninayoihudumia Mukono, katibu wa parokia alituma orodha ya watoto wanaolipiwa karo. Mhasibu alisubiri siku tisa. Orodha ilikuwa imekaa Junk muda wote huo, na watoto wawili walikuwa wameshazuiwa getini. Nilipoiona sikuishia kuihamisha tu. Nilifungua chanzo cha barua, na wewe fanya hivyo: kwenye Thunderbird bonyeza Ctrl na U, ushuke hadi X-Spam-Status. Hapo utakuta majina ya kanuni zilizoihukumu barua. Ukitaka alama za kila kanuni, hifadhi barua kama faili, kisha andika spamassassin -t < barua.eml. Ngoja nikuze skrini.

SUBJ_ALL_CAPS, 0.5: katibu aliandika kichwa chote kwa herufi kubwa, kama wengi wetu tukiwa na haraka. MIME_HTML_ONLY, 0.7: barua haina nakala ya maandishi matupu. RDNS_NONE, 0.8: IP ya seva ya parokia haina jina kwenye DNS. BAYES_50, 0.8: Bayes, sehemu ya chujio inayojifunza kutokana na barua, haina uhakika. Jumla 2.8, bado mbali na 5. Iliyoizamisha ni hii ya mwisho, UNWANTED_LANGUAGE_BODY, 2.8 nyingine peke yake. Barua ilikuwa imeandikwa kwa Kiluganda.

Niliumia, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyewasha TextCat, programu-jalizi inayotambua lugha ya barua, na kuandika ok_languages en sw, nikidhani Kiingereza na Kiswahili vinatosha. TextCat inakijua Kiswahili, ila Kiluganda hakimo kwenye orodha yake, kwa hiyo inakisia lugha nyingine. Kinyankole, Kiacholi na Kilugbara navyo hakuna. Mwalimu na mzazi wana haki ya kuandika kwa lugha ya nyumbani bila kuhesabiwa matapeli. Hapa Uganda andika ok_languages all, au usiiwashe TextCat kabisa.

Kisha lifundishe chujio. Barua halali: sa-learn --ham na jina la faili. Taka iliyopenya: sa-learn --spam. Bayes haianzi kutoa alama mpaka iwe imesoma angalau barua 200 za kila upande, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza. Na tafadhali angalia unafundisha kwa jina la nani. Ukiwa root, wakati chujio linaendeshwa na amavis, somo lote linabaki kwa root na chujio halijifunzi kitu. Tumia sudo -u amavis, halafu thibitisha kwa sa-learn --dump magic, pia kwa jina la amavis: namba za nspam na nham (taka na halali zilizosomwa) lazima zipande.

Mhasibu atakuomba, "Fundi, ruhusu tu kila kitu kinachotoka parokia." Muelewe, lakini usitumie welcomelist_from. Anwani ya mtumaji inaghushiwa kirahisi, na tapeli wa karo atapita mlango huo huo. Tumia welcomelist_auth, inayompitisha mtumaji pale tu SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) au DKIM (saini ya kikoa kwenye barua) inapomthibitisha. Kwenye matoleo ya kabla ya 4.0 inaitwa whitelist_auth. Parokia hawakuwa na SPF wala DKIM, basi nikampigia fundi wao, tukaandika rekodi ya SPF pamoja kwenye simu, naye akamwomba mtoa huduma wake aipe IP ile jina.

Malizia kwa spamassassin --lint. Ikinyamaza, faili iko sawa. Anzisha upya amavis. Rudia ile barua kwa spamassassin -t: kanuni ya lugha imetoweka, alama ziko chini ya 3. Pale shuleni, mhasibu sasa anafungua Junk kila Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, na akiona barua ya mtu anayemfahamu ananitumia faili yenyewe, siyo picha ya skrini, ili niisome kichwa hadi mguu.