Kufunga inteki ya Vitz RS mwenyewe: uangalie ule mpira!

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena Nkuhungu, Dodoma, gereji yetu ya chini ya mwarobaini. Leo tuna Vitz RS, ile ya injini ya 1NZ, cc 1,496, gia tano za mkono. Nasisitiza za mkono. Kama yako ni otomatiki, tutasalimiana tu, stori hatutapiga.

Tunafunga seti ya inteki, yaani njia ya injini kuvutia hewa. Ndani ya boksi kuna chujio la wazi, lile tunaloita uyoga, bomba la aluminiamu, mipira miwili ya silikoni, klipu nne za bisibisi na bati la kuzuia joto.

Kabla sijashika spana niseme ukweli, kwa sababu hizi seti nauza na sitaki mtu aje kunililia. Gari hili kutoka kiwandani lina nguvu za farasi 110. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwa nguvu, hupoteza kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Kwa hiyo hapa unaendesha farasi 98 hivi. Ndiyo maana ukishuka Dar unaliona gari limechangamka, ukadhani ni mafuta ya kule. Seti hii itakuongezea farasi wawili, watatu. Anayekuahidi ishirini anakupiga. Ukitaka farasi wa kweli, tafuta tabo. TRD, wale wa Toyota wa magari ya mbio, waliwahi kutoa RS ya tabo, Turbo M, farasi 150. Sisi leo tunanunua mlio, na gari kuitika mapema ukikanyaga. Mimi inanitosha.

Haya. Terminali ya hasi ya betri, spana namba 10, legeza, weka pembeni. Boksi la eakilina, lenye chujio la zamani, fyatua klipu, fungua bolti, namba 10 hiyohiyo, ng'oa. Hapo sina la kufundisha.

Ila hebu tazameni ndani. Dogo, sogeza kamera. Sogeza bwana, unapiga vidole vyangu! Mnaona? Vumbi jekundu kama unga wa ulezi, na hili chujio lina miezi minne tu. Ule upepo wa Agosti na Septemba mnaujua wenyewe. Kwa hiyo uyoga wa bei ya soda usiuguse. Ukiushika juu ya taa ukaona mwanga unapenya kwenye mshono, vumbi nalo litapenya, na vumbi likiingia kwenye silinda linasaga ringi za pistoni kama msasa.

Sasa tulieni. Hapa ndipo penyewe.

Hii ni sensa ya hewa, mafundi wengi wanaiita eafloo. Skrubu mbili za nyota, soketi yenye waya tano. Kazi yake ni kupima hewa inayoingia ili kompyuta ijue imwage petroli kiasi gani. Ndani ina kiwaya chembamba kuliko unywele. Usikiguse. Usikifute kwa kitambaa. Na wewe fundi unayependa kupuliza kila kitu kwa kompresa, nakuona, weka mpira huo chini. Kuna dawa yake ya kupuliza, basi.

Mtazameni huyu mpira wa duara hapa shingoni. Oringi. Mdogo, mweusi, hauna makuu. Sensa ikiingia kwenye bomba jipya kavukavu, mpira unajikunja upande mmoja na wewe huoni, maana skrubu zinakaza vizuri tu. Niliwahi kuukunja kwenye gari la shemeji yangu. Taa ya injini ikawaka, sailensi, ule mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikawa inapanda na kushuka, mashine ya kupimia ikaleta kodi P0171, maana yake hewa nyingi, petroli kidogo. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha throto, ule mlango wa hewa wa injini. Nikamnunulisha pampu ya mafuta. Wiki tatu! Shemeji akawa akija nyumbani anaongea na dada yangu tu. Kumbe mpira.

Kwa hiyo paka oili kidogo kwa ncha ya kidole, kidogo jamani, kwenye mpira peke yake, isidondokee kwenye kiwaya. Sukuma sensa wima, usiizungushe. Kisha kagua. Pitisha ukucha kuzunguka shingo. Ukigota kitu, toa, anza upya. Na tundu lake la kuingizia hewa liangalie kwenye uyoga, lisiangalie injini. Mabomba mengine yanakubali sensa ikikaa kinyume, halafu inapima uongo.

Lingine: bomba liwe na upana uleule wa mahali sensa ilipokaa zamani. Mtu akikwambia chukua pana uvute hewa nyingi, kataa. Sensa inaonja hewa kidogo tu, kompyuta inapiga hesabu ya iliyobaki kwa upana iliozoea. Kwenye bomba pana hewa inapita taratibu, kompyuta inadhani ni kidogo, inabania petroli, injini inachemka ndani kwa ndani. Na ule mpira, umeukagua? Kagua tena.

Bomba kwenye throto, silikoni, klipu. Uyoga mbele, klipu. Usikaze mpaka silikoni inatoka ulimi. Bati la joto linakaa kati ya uyoga na injini. Wengi wanalitupa kwa kuwa halina mlio. Bila hilo, kwenye foleni saa nane mchana uyoga unavuta hewa ya moto iliyokwisha kuzunguka injini, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Hata wale farasi wawili wanarudi zizini.

Betri tunarudisha. Dogo, piga stati.

...

Mmesikia? Mshale wa raundi unacheza, unapanda 1,500, unashuka mpaka gari linataka kuzima. Dogo, usizime kamera. Acha tu, wamwone mwalimu wao. Zima gari.

Mpira nimeukagua mara mbili. Ukucha unapita vizuri. Klipu ya throto imekaza, ya huku imekaza... Dogo, unacheka nini? Unaonyesha wapi?

Aisee. Hosi ya kupumulia, inayotoka kwenye kava la juu la injini kuja kwenye bomba. Haijachomekwa! Tundu liko wazi kabisa, injini inavuta hewa ambayo sensa haijaipima. Dakika kumi nimewahubiria mpira, tundu la kuingia kidole nimeliacha. Chomeka, bana klipu, stati tena.

Hapo sawa. Limetulia kwenye 700, 750. Saa ya redio itakuwa imejifuta, irekebishe mwenyewe.

Tunatoka nalo barabara ya Singida, kuelekea Nala. Gia ya pili... ya tatu... sikiliza hiyo! Kuanzia raundi 4,000 linaguna kama fahali. Sasa napunguza, hapa ni 50 na wazee wa tochi hawajali mlio wa mtu.

Baada ya wiki mbili legeza klipu ya uyoga, ingiza kitambaa cheupe ndani ya bomba, futa. Kikitoka cheupe, endelea. Kikitoka chekundu, chujio linavujisha. Rudisha kwa aliyekuuzia, hata kama ni mimi. Na ukisafisha uyoga wa pamba, ule wa kupakwa oili, usiuloweshe kama maandazi, oili inarukia kwenye sensa.

Seti za Vitz ninazo, za Swift wiki ijayo. Dogo anasema simu ina asilimia tatu, na nyuma yetu kuna lori la zabibu linataka kupita.